Bei Juu Kulia: Shajara ya Mwaka Mmoja wa Ubao Wangu, Ujiji

Jumapili, 12 Januari 2025

Kesho mwezi unakuwa mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, kwa hiyo usiku huu hakuna taa Ziwa Tanganyika, na asubuhi hakutakuwa na dagaa wa kuulizia bei. Nimepata nafasi ya kukaa na daftari. Ubao wangu wa chaki, ninaouandika kila Jumamosi, umetimiza mwaka.

Hesabu kwanza, maana mzee wa reli, karani mstaafu wa stesheni, ataniuliza. Tangu tarehe 13 Januari 2024 hadi jana ni Jumamosi 53. Nimeandika ubao 45. (Yeye anataka niseme mbao 45. Nimekataa, mbao ni za seremala.) Nane zilizokosekana ni hizi: mvua tatu, malaria mbili, moja ikiwa ya kweli, msiba mmoja, haraka ya nguo za Idd, na wiki ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Chaki nimemaliza maboksi mawili na nusu. Daftari la kwanza limejaa, la pili limefika katikati. Kila ubao huwa naunakili kabla ya kuufuta, na pembeni, kwa wino mwekundu, naandika waliyosema watu. Nilidhani kalamu moja nyekundu itanifikisha mwisho wa mwaka. Nimemaliza tatu.

Kwa asiyeujua, ubao wenyewe ni mlango wa kabati lililoliwa miguu na mchwa. Nimeusimamisha nje ya kibanda changu cha kushonea hapa Ujiji, kwenye njia ya sokoni, mkabala na kijiwe cha kahawa. Mara ya kwanza niliupaka rangi nyeusi ya dukani, ukang'aa kama jeneza na chaki ikateleza. Mwalimu mmoja mstaafu akaniambia niikwangue rangi yote, nivunje betri za redio zilizokwisha, nitwange ule unga mweusi pamoja na majani ya kunde, kisha nisugue. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya shule ya msingi, sijui nilisahau vipi. Ukashika chaki. Mpaka leo kila mwezi nausugua upya na kucha zangu haziishi weusi, wateja wenye vitenge vyeupe wananitazama mikono kwanza.

Kila Jumamosi adhuhuri naandika jambo moja nililoliona wiki hiyo. Ubao unabeba maneno 60; nikibana herufi, maneno 70. Juu kulia nachora kijisanduku, ndani yake naweka bei ya sado (kopo la kupimia) ya dagaa ya asubuhi hiyo kwenye mwalo wa Kibirizi. Shemeji yangu hunipigia simu kunitajia. Kijisanduku kilikuwa wazo lake. "Wewe andika hadithi zako," aliniambia, "lakini hakuna mtu anayesimamisha baiskeli kwa ajili ya hadithi."

Yanayofuata nimeyatoa daftarini. Pale nilipoona sikusema yote, nimeongeza ya leo.

Jumamosi, 13 Januari 2024

Ubao wa kwanza: "Maisha ni kama cherehani, usipokanyaga hayaendi."

Niliutunga siku tatu. Jana yake ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi, yanatimiza miaka 60, watu wamepumzika, nikajua leo watasoma. Wamesoma bei. Mzee wa reli, aliyekuwa karani stesheni ya Kigoma kabla ya kustaafu, alivuka njia na kikombe chake mkononi, akausoma hadi nukta, akasema, "Mwanangu, hii tumeshaivaa kwenye khanga."

Akarudi kwenye bao lake.

Jumamosi, 3 Februari 2024

Wiki hii nilikaa sokoni saa nzima bila kununua kitu, natazama mikono tu. Ubao:

"Muuzaji hamimini dagaa kwenye sado. Anawadondosha kwa ncha za vidole, huyu kichwa juu, huyu ubavu, wasimame kama kuni jikoni, katikati upite upepo. Mnunuzi anaitikisa sado mara mbili. Dagaa wanashuka kidole kimoja. Muuzaji anacheka, anaongeza kiganja, anajenga kilele. Wakati wa kumimina kwenye mfuko, kilele kinaangukia mezani kwa mwenyewe."

Nikamwona mtu wa kwanza aliyesoma bei, akataka kuondoka, kisha akashusha mguu kutoka kwenye pedeli akaukanyaga chini. Hadi alasiri walikuwa wengi. Wanaume wa kijiweni walisomeana kwa sauti.

Jioni akaja mmoja wa wauzaji, mikono kiunoni. Nikajua nimekwisha. "Fundi," akasema, "umeandika, lakini hukuona." Akageuza sado aliyokuja nayo. Kitako kimegongwa kutoka chini, kimeingia ndani kama kitovu cha mtoto, kinakula nusu kiganja ya dagaa. "Hiki ndicho cha kuandika. Vidole kila mtu anaviona." Sado, akaniapia, aliinunua ikiwa hivyohivyo.

Wiki iliyofuata nikaandika hicho kitako, na juu yake neno "Nyongeza".

Ya leo: wino mwekundu ulianzia hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili, nisifiwe au nitukanwe. Sikujiandaa kusahihishwa. Watu wa Ujiji hawahitaji ubao uwaambie sokoni kuna nini, wako sokoni kila siku ya Mungu. Wanasimama kukagua kama nimeona sawasawa. Mwaka mzima imekuwa hivyo, na sijapata kuona ubao uliosomwa na watu wengi usiokuwa na wino mwekundu pembeni.

Jumamosi, 2 Machi 2024

Leo sikuuza hata sindano. Mzee wa reli amekuja na kosa alilolitunza mwezi mzima. "Uliandika dagaa wanashuka. Dagaa aliyekauka hashuki. Zinashuka."

Nikamwambia dagaa ni samaki, samaki ana roho, kwa hiyo ni huyu na hawa.

"Alikuwa na roho," akasema. "Sasa yumo kwenye sado."

Kijiwe chote kikahamia kwangu. Wavuvi wawili wakashika upande wa hawa: wao wanawakuta wakiwa hai, wanaruka kwenye wavu, huwezi kuziita hizi. Mama ntilie akashika upande wa hizi, akauliza nani hapa amewahi kusema "niwekee dagaa wale". Kijana wa bodaboda akasema wote waongo, yeye husema "dagaa hii" na hupewa. Kashata zililiwa, kahawa ikaagizwa mara ya pili. Mwishoni ikapita hivi: ndani ya ziwa hawa, juu ya mchanga wanapoanikwa bado hawa, kwa heshima, zikishaingia kwenye kipimo hizi. Nikauliza, na zikishaingia mdomoni? Mzee wa reli akasema hapo hakuna sarufi.

Nimeuandika mjadala wote. Ndio ubao niliobana herufi hadi zikagusa kijisanduku cha bei.

Ni yeye pia aliyenipa kipimo ninachokitumia hadi leo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na tangu siku hizo, anavyosema, stesheni ina kitabu. Treni namba fulani, imeingia saa fulani, mabehewa kadhaa, imetoka saa fulani. "Miaka yangu yote sijaandika treni nzuri. Ukishaandika nzuri, kesho mtu akitaka kujua mabehewa mangapi, hajui." Nikarudi nyumbani nikahesabu neno "nzuri" na wenzake kwenye ubao saba wa mwanzo. Kumi na tisa. Tangu Machi nimelitumia mara moja tu, na ilikuwa ni mtu anasema, si mimi.

Machi na Aprili 2024

Mvua. Chaki haina la kufanya mbele ya mvua. Bei ilitiririka ikaingia kwenye hadithi, hadithi ikaingia mtaroni. Ziwa nalo lilipanda likafuata watu, na shemeji alikuwa akinipigia bei akiwa amesimama majini hadi magotini. Nilitaka kuandika hilo, akakataa, anasema kina mama wa mbali watadhani dagaa wamelowa.

Ramadhani ilianza tarehe 12 Machi. Kijiwe mchana kikawa kitupu, nikahamisha saa ya kuandika hadi baada ya alasiri. Tarehe 6 Aprili sikuandika, nilikuwa na makanzu na magauni hadi juu ya friji. Tuendelee.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Jumatano ziwa limefungwa. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia ndio wenye maji haya, na makubaliano ni uvuvi usimame miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Sina ugomvi na sababu, anayenunua migebuka anajua mwenyewe walivyopungua ukubwa.

Shemeji hakupiga simu. Kwenye kijisanduku nimeandika "Hakuna".

Nimewahesabu waliosimama, kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye kigoda changu, adhuhuri hadi alasiri. Tisa. Kabla ya hapo sikuwa nahesabu, lakini nilikuwa na uhakika ni thelathini na kitu.

Jumamosi, 25 Mei 2024

Sita. Kijisanduku nimekifuta, kinatia huruma.

Juzi usiku nilipanda mlimani kwa dada yangu. Miaka yote ukiwa pale usiku wa giza, taa za mitumbwi ziko nyingi hata mgeni anauliza ule ni mji gani ng'ambo. Karabai zamani, siku hizi taa za betri. Safari hii mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo hata kama ziwa lingekuwa wazi kusingekuwa na taa. Lakini nilijua kuwa giza likija pia hazitakuwepo, na kujua huko kuliniuma kuliko kuona. Nimeliandika hivyo. Mzee wa reli akasema, "Hapa umeandika ambacho hukukiona." Kweli. Nimefuta sentensi ya mwisho mbele yake.

Juni 2024

Mwezi huu ndio ulionionyesha mradi wangu ulivyokuwa. Nilijidanganya kwamba watu wanasimama kwa hadithi kisha wanatupia jicho bei. Kumbe bei ndiyo iliyokuwa taa, na hadithi imekaa chini yake inasubiri.

Dagaa waliobaki ghalani walipanda bei mpaka watu wakanyamaza kuwataja. Mtaa wetu ulikula maharage ya Kasulu, kisamvu cha mawese, kisha maharage. Wavuvi wengine walikwenda kubeba matofali, wengine walikaa kijiweni wakicheza bao kama wanaolipwa. Mmoja alikuja kuomba kivuli cha kibanda changu atengeneze wavu. Nikampa kivuli, nikapata ubao wa tarehe 8 Juni:

"Mvuvi naye ni fundi. Wavu ameunasa kwenye dole gumba la mguu, ameuvuta ukakaza. Sindano yake ya mti haina tundu la kutunga uzi, ina ulimi, uzi umeviringwa tumboni mwake. Akifika palipochanika haanzi kushona. Anakata kwanza, anapanua tundu hadi apate macho mazima ya kushika. Mimi nikichana kitenge cha mtu hivyo, nalipa."

Kumi na nne. Mvuvi mwenyewe alisomewa akacheka, kisha akauinua mguu. "Si dole gumba, fundi. Ni hiki cha pili. Gumba lilikwenda na kamba ya nanga." Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye mguu huo kwa siku tatu nzima.

Shule zilipofunga, watoto wakawa ndio wasomaji. Mmoja aliuliza meli ya Liemba iliingiaje ziwani na hili ziwa halina njia ya meli kwenda baharini. Sikuwa nimepanga kuandika historia. Ujiji ikiandikwa, huandikwa kwa ajili ya wazungu wawili, Stanley na Livingstone, waliosalimiana chini ya mwembe mwaka 1871, na mimi nina salamu zangu za kuandika, za Waha, wenyeji wa Kigoma, wanaopiga makofi polepole mpaka hali ya mbuzi iishe kuulizwa. Lakini swali la mtoto ni deni. Ubao wa tarehe 22 Juni: "Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande kama kitanda. Vikapakiwa kwenye makasha, vikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, vikaletwa kwa treni hadi Kigoma. Ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, wakikimbia. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924." Watoto waliishi na neno "kitanda" wiki nzima. Mzee wa reli hakusahihisha kitu, akaongeza tu kwamba jina la Liemba ilipewa ilipoanza kazi upya mwaka 1927, na kwamba nimesahau kumtaja karani aliyepokea makasha.

Jumamosi, 6 Julai 2024

Ubao huu siunakili hapa. Upo daftarini, ukurasa nimeukunja.

Niliandika juu ya mwanamke aliyeniletea mashati ya marehemu mumewe nimkatie nguo za mwanawe. Sikutaja jina, wala mtaa, wala idadi ya watoto. Niliona nimefuata sheria zangu zote. Nilisahau kwamba alikuwa ametoka eda wiki chache tu, na kwamba Ujiji nzima inajua nani ametoka eda. Kufika magharibi kila mtu alikuwa anamwambia pole kwa ajili ya mashati.

Jumatatu alikuja akayachukua, mengine nimeshayakata. Alisema "asante fundi", akatoka. Hakunisalimia tena.

Ya leo: nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika hapa. Ameniruhusu niseme mashati na niseme atakachosema huko chini. Mengine ni yake.

Julai 2024

13 Julai: "Haraka haraka haina baraka." 20 Julai: "Akiba haiozi." 27 Julai nayo ilikuwa ya khanga, hata kuinakili ni kupoteza wino. Niliogopa, basi. Methali haimjui mtu, haimwumizi mtu. Hakuna hata mmoja aliyesahihisha, na upande wa wino mwekundu wa kurasa hizo ni mweupe.

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Mama anayeuza mawese kwenye kona amechoshwa. Hajui kusoma, kila Jumamosi humshika mtu yeyote, hata mtoto, amsomee. Leo alikuja na kigoda chake, akakaa, akasema, "Methali ninazo za kwangu. Shika chaki, mimi nasema." Akasema, nami nikaandika kama alivyosema:

"Mawese yameganda. Sijachanganya kitu, ni baridi ya asubuhi. Chupa naiweka juani, mimi nakaa kivulini. Ukija saa moja utapata donge. Ukija saa tatu utapata mafuta. Msinitikisie chupa kama mganga."

Kisha: "Nisomee, nisikie kama ni mimi." Nikamsomea. Akanisimamisha kwenye "mganga", akafikiri, akasema liache.

Ishirini na mbili, bila bei, bila dagaa. Ilinichukua hadi Jumanne kugundua kuwa nilikuwa nimeandika tangazo la biashara bure. Lakini, ukiacha methali, ni ubao wa kwanza mwaka huu ambao hakuna aliyeweza kuusahihisha, maana mwenye macho ndiye aliyesema.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Nimekwenda na shangazi, na kilo mbili za sukari. Shangazi aliongea, mimi nilitazama mkeka. Yule mama wa mashati alisikiliza, akatuandalia chai, akaninyooshea kikombe. Kisha akasema, "Ungetaja jina langu nisingeumia hivi. Ulihesabu vifungo."

Ni kweli. Niliandika vifungo viko vingapi na kipi kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Nilijisifu moyoni kwa kile kifungo.

Hilo sijalimaliza hadi leo. Mwaka mzima nimejifunza kuangalia kwa karibu: kitako cha sado, kidole cha pili, ulimi wa sindano. Kila nilipokaribia zaidi watu walifurahi. Kifungo kile kilikuwa cha namna ileile, jicho lilelile, mkono uleule. Muuzaji wa dagaa alikuja mwenyewe kunionyesha kitako. Huyu aliniletea mashati nishone, hakuniletea niangalie. Tofauti ni hiyo, na mtu mzima wa miaka arobaini na sita alipaswa kuijua bila kupewa chai.

Sheria mpya: kinachoingia kibandani kwa kushonwa hakitoki kwa chaki. Cha njiani na sokoni, kama kina mtu, mwenyewe anasomewa kabla. Nimepoteza ubao wa maana kama minne hivi kwa sheria hiyo. Mmoja ulikuwa mtamu sana.

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Ziwa lilifunguliwa Alhamisi, na mwezi mpevu ni Jumatatu. Wavuvi waliotoka usiku wa kwanza walirudi na maji. Nimemnukuu mmoja, kwa ruhusa yake: "Serikali imefungua, mwezi umefunga." Ubao mfupi kuliko wote, ukiacha methali za Julai, na kijiwe kilicheka mpaka mtu akamwaga kahawa.

Jumamosi, 31 Agosti 2024

Giza limerudi na taa zimerudi. Shemeji kapiga simu saa kumi na mbili asubuhi, anapaza sauti kama yuko Bujumbura, kanitajia bei ya Kibirizi. Nilikaa na chaki mkononi muda mrefu. Ningeirudisha bei pale juu kulia, wangekuwa thelathini tena, na nisingejua ni wangapi ni wangu. Nisingeiandika kabisa, ningekuwa mchoyo; kuna kina mama wanaotembea kutoka mbali, na bei hiyo inawaambia kama waende Kibirizi au warudi nyumbani.

Nimeiweka chini kushoto, mwisho wa hadithi, bila kijisanduku, kwa herufi zilezile.

Mzee wa reli alitafuta juu kulia, akatafuta juu kushoto, akashuka mstari kwa mstari hadi alipoikuta. Akageuka. "Umetutega, fundi, kama dagaa." Watu thelathini na moja.

Septemba hadi Desemba 2024

Kazi ya kawaida, na kawaida ni nzuri. Nilichoandika: mtoto anayelala juu ya marobota ya vitenge vya Kongo huku mama yake anapatana bei, kunguru wa sokoni anayejua Ijumaa, kijana wa bodaboda Muha aliyeachia mishikio yote miwili ili ampigie mkwewe makofi ya salamu (alisomewa, akaruhusu, mkwewe akaomba ubao uandikwe tena), ugali wa muhogo uliopikwa na mgeni kutoka Dodoma aliyedhani ni wa mahindi.

Novemba walikuja watu watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja wa upande wake, wakiomba ubao kwa wiki moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 27. Mmoja alitaja pesa. Tarehe 23 niliugeuza ubao ukaangalia ukuta. Kuna aliyeandika kwa nyuma, kwa mkaa, bei ya dagaa. Haikuwa ya kweli.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Ubao wa 45. Nilimsomea mama wa mawese, akasema leo umeharakisha. Nimeharakisha kweli, nilikuwa na gauni la harusi.

Tena leo, jioni

Ya mwaka wa pili ni machache. Kipande cha bati juu ya ubao, mvua isinifute. Jumamosi moja kila mwezi nitashika chaki tu, aseme mwingine. Mvuvi wa kidole cha pili ameomba Februari, na mzee wa reli anadai Machi yote. Daftari la tatu lenye kurasa nyingi zaidi, maana wino mwekundu umeanza kuvuka mstari.

Nimekwangua ubao tangu asubuhi, nimesugua unga wa betri, na sasa umeegemea ukuta unakauka, mweusi, hauna hata nukta. Mama wa mashati amepita na mwanawe, wanatoka sokoni. Mtoto amevaa shati ambalo mimi ndiye niliyelikata, likashonwa na fundi mwingine. Bega la kushoto limepanda kidogo. Sikusema kitu. Mama akasimama mbele ya ubao.

"Wiki hii hakuna?"

"Unakauka, mama. Jumamosi."

Akaangalia pale juu kulia, penye alama ya kijisanduku ambayo haitoki hata nikwangue vipi.

"Siku hizi bei unaiweka wapi?"

"Chini kushoto."

"Haya," akasema, akamshika mtoto mkono, wakaenda.